Mwalimu Aliye Njiani

Mheshimiwa Afisa Elimu, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa bodi, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanangu wa darasa la mtihani mliowekwa viti vya nyuma kana kwamba shughuli hii haiwahusu, habari za mchana.

Nimesifiwa mpaka nimechoka. Leo nastaafu, na nilitaka kusikia jambo moja tu: nani atafundisha fizikia Jumatatu? Kila nikiuliza najibiwa, "Mwalimu mpya yuko njiani." Mwaka juzi alikuwa njiani. Mwaka jana alikuwa njiani. Jamani, ni njia gani hiyo isiyofika?

Nikasema labda namwonea bure. Huenda anakuja kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Wanafunzi wangu wanajua: kitu kikienda kasi hiyo, saa yake, tukiipima sisi tuliosimama, inakwenda polepole. Kwake yeye ameondoka sasa hivi, hata chai aliyobeba haijapoa. Sisi tunaomngoja ndio tunaota mvi. Tena urefu wake hufupika kuelekea anakokwenda, akawa mwembamba kama karatasi, kwa hiyo pengine alishapita langoni na mlinzi hakumwona. Na tungamo lake je? Linaongezeka: kadiri anavyokimbia ndivyo anavyozidi kuwa mgumu kusukumwa. Mwalimu Mkuu ni shahidi. Tumemsukuma kwa simu, tumemsukuma kwa vikao, wapi!

Mnacheka. Hawa wa nyuma hawacheki, maana wao hawako njiani, saa yao ni hiyo ya ukutani, na mtihani haumngoji mtu. Asubuhi binti mmoja kati yao amenishika mkono akaniuliza, "Sasa sisi tufanyeje, Mwalimu?" Swali hilo limeniuma sana.

Mheshimiwa Afisa Elimu, wewe nilikufundisha mwenyewe. Ulikuwa mbishi, ukibishana nami kuhusu mwanga hata kengele ikishalia, kisha ukaenda kusomea ualimu wa fizikia hii hii kabla hujakalia hicho kiti. Ofisi yako iko ng'ambo ya barabara. Wewe huna haja ya kuwa njiani. Naomba usogee hapa upokee ufunguo wa maabara. Njoo, baba, usione haya. Jumatatu fizikia ni kipindi cha kwanza.

Wageni wetu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Na nyinyi wa nyuma, simameni, mwamkieni mwalimu wenu.