Mwalimu Mengineyo na Karatasi za Sakafuni

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu ninayemfuata kuzaliwa, niwasomee kwa kifupi maisha ya kaka yetu, na nasema kwa kifupi huku nikijua kwamba yeye angenikatiza hapo hapo, maana hakuwahi kuamini kwamba kuna jambo la maana linaloweza kusemwa kwa kifupi.

Marehemu alizaliwa nyumbani, tarehe 14 Machi 1957, asubuhi ya mvua, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba yetu, aliyekuwa fundi seremala, na mama yetu, aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu. Alianza shule ya msingi Januari 1965, na mwaka uliofuata mama naye akajiandikisha katika darasa la jioni la watu wazima, wakawa wanasoma mezani pamoja, mtoto akimshika mama kidole kufuatisha herufi, mpaka siku moja mama alipotundika kibao chake nyuma ya mlango na asiende tena. Mwanawe alipomuuliza kwa nini ameacha, ilhali alikuwa anajitahidi kuliko wenzake wengi, mama alicheka akasema, "Nilichoka tu, mwanangu." Jibu hilo lilimkaa marehemu kooni kama mwiba, na sisi tuliomfahamu tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba kila alichokisoma baadaye alikisoma kwa ajili ya kuutoa mwiba huo.

Alimaliza sekondari mwaka 1975, akasomea ualimu, akafundisha shule za msingi mbili, kisha mwaka 1984 akajiunga na chuo kikuu, ambako aliendelea hadi kupata shahada ya uzamivu mwaka 1998, wakati huo akiwa tayari mhadhiri katika idara ya elimu ya watu wazima. Ofisi yake ilikuwa ile ya mwisho ghorofa ya pili, yenye dirisha lisilofunga vizuri, na wanafunzi wake wanasema waliiogopa kuliko chumba cha mtihani. Wengi walimpelekea mapitio ya tafiti yaliyopangwa kwa majina ya waandishi, fulani alisema hivi, fulani naye akasema vile, na yeye aliwarudishia na maneno yale yale kwa wino mwekundu, "Hii ni orodha ya mahudhurio, umewaita wote lakini hakuna aliyezungumza." Aliwafundisha kuwaweka pamoja wanaokubaliana, wanaogombana wawaweke uso kwa uso, na katikati yao waache nafasi kwa lile ambalo hakuna hata mmoja aliyelisema, kwa kuwa hapo, kwa imani yake, ndipo nadharia mpya huota, na anayetaka kuipata hana budi kusoma vya wengine mpaka asikie walivyonyamazia.

Tarehe 3 Desemba 1983 alifunga ndoa na mkewe, fundi cherehani, shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, kifungua mimba wa kike ambaye ni muuguzi, na kitinda mimba wa kiume ambaye ni fundi umeme. Ni kwa mkewe alikojifunza kazi ya sakafuni, kwani alimwona akitandaza vipande vya nguo chini kabla ya kushona, mikono huku, kola kule, mgongo katikati, akivizungushazungusha mpaka gauni lionekane kabla halijaguswa na sindano, basi naye akachukua chumba cha pili na kutandaza karatasi zake, kila moja ikiwa na muhtasari wa utafiti mmoja kuhusu watu wazima wanaoanza kusoma na kuacha njiani. Nyumba nzima ilijifunza kupita pembeni kama paka, madirisha ya chumba kile hayakufunguliwa siku za upepo, na shemeji alizoea kuwaambia wateja wake kwamba ameolewa uke wenza, na mke mwenzake analala sakafuni wala hafagiliwi.

Kwa miaka mingi karatasi zile hazikumwambia kitu, mtafiti mmoja akilaumu umbali wa darasa, mwingine waume wanaowakataza wake zao, mwingine macho yaliyofifia, mwingine kazi za mashambani, na kila mmoja alikuwa na takwimu zake na hakuna aliyekuwa mwongo. Kisha mwaka 2014 akaona kwamba chini kabisa ya kila jedwali, baada ya sababu zote zenye heshima, palikuwa na mstari wa mwisho ulioandikwa "mengineyo", na alipofuatilia ndani ya mstari huo, utafiti baada ya utafiti, katika nchi zisizojuana, alimkuta mtu aliyeulizwa kwa nini ameacha na kujibu kwamba alichoka tu. Watafiti waliliandika neno hilo na kulipita, kama mtu anavyompita mgeni aliyekaa mlangoni, lakini kaka yetu alilia kwa furaha, akapiga simu usiku huo huo kwetu sote, na tangu hapo wanafunzi wakamwita Mwalimu Mengineyo, jina ambalo alilipenda kuliko lile la Daktari.

Alianza kuzipanga upya karatasi zote kwa neno hilo, akisema kwamba kuchoka huku si uvivu, si usingizi wala si kukata tamaa, bali ni kitu chenye umbo lake ambacho sababu nyingine zote zinakizunguka bila kukigusa, na tulipomwomba atueleze ni kitu gani basi, alikataa, kwa kuwa nguo haivaliwi ikiwa na pini. Shemeji ndiye aliyeahidiwa, "Mama watoto, kikikaa sawa utakuwa wa kwanza kukisikia." Alistaafu tarehe 30 Juni 2017 akaendelea na kazi hiyo kila siku, kwa magoti, juu ya kipande cha godoro, na mapema mwaka 2021 alimwambia mkewe kwamba imebaki kona moja tu.

Tarehe 9 Juni 2021, akiwa amepiga magoti katika kona hiyo, marehemu alipatwa na kiharusi, akaangukia karatasi zake, na mkewe aliyekuwa cherehanini chumba cha jirani alisikia mkwaruzo tu. Alilazwa hospitali kuu, upande wa kulia ukiwa umepooza na maneno yote yamepotea isipokuwa "ndiyo" ambalo alilitumia kwa kila kitu, hata pale alipomaanisha hapana. Shemeji na watoto walikuwa wodini kwa zamu wakati walimu wenzake wa idara, watu wema waliompenda, walipopata habari kwamba atarudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, wakajua kwamba kiti hakiwezi kupita juu ya karatasi, wakaja na mafaili mapya, ndoo na sabuni. Waliokota kila karatasi, hawakupoteza hata moja, wakazipanga kwa majina ya waandishi, kuanzia A hadi Z, wakaandika migongo ya mafaili kwa maandishi mazuri, wakapiga deki sakafu mpaka ikang'aa, na kifungua mimba aliporudi kubadilisha nguo aliwapikia chai na kuwashukuru kwa machozi.

Marehemu alirudishwa tarehe 3 Julai 2021, akasukumwa moja kwa moja hadi chumba cha pili, maana sote tulifikiri atafurahi, na mkuu wa idara alikuwepo kumpokea. Aliitazama sakafu, akayatazama mafaili, akatutazama sisi, akasema, "Ndiyo," kisha akasema tena, "Ndiyo, ndiyo," huku mkono wake wa kushoto ukipapasa hewa chini ya kiti kana kwamba bado zipo. Mkuu wa idara ndiye aliyeelewa wa kwanza, naye alitoka nje akaegemea ukuta, na sisi tulibaki tumesimama, nyumba nzima ya watu wenye afya na ndimi zao, tusiweze kufanya lolote.

Tulijaribu, na Mungu shahidi. Kila asubuhi shemeji, ambaye kusoma kwake ni kwa taratibu, alichukua karatasi moja, akaisoma kwa sauti, akaiweka chini na kumwomba mumewe aonyeshe kwa mkono wa kushoto ikae wapi, naye akaonyesha, lakini kesho yake aliionyesha mahali pengine, na keshokutwa pengine, hata tusijue kama yeye ndiye aliyesahau au sisi ndio tuliokuwa tunaiweka mahali pasipo pake. Walimu wenzake walikuja kwa zamu wakauliza maswali mazuri, na majibu yote yakawa ndiyo. Mwezi Septemba 2022, shemeji akiwa katikati ya karatasi, marehemu aliushika mkono wake, akaushusha polepole hadi mapajani, akafumba macho, na tangu siku hiyo kila alipoletewa karatasi aligeuza uso ukutani, na mazoezi ya viungo aliyopewa hospitali nayo akayaacha. Shemeji aliulizwa na daktari kwa nini mgonjwa ameacha mazoezi aliyokuwa akiyafanya vizuri, akajibu, "Amechoka tu, daktari," na hapo ndipo alipoketi chini na kulia, kwa sababu duniani kulikuwa na mtu mmoja aliyejua maana ya neno hilo, na ndiye aliyekuwa amegeukia ukuta.

Hali yake ilidhoofika Oktoba kutokana na homa ya mapafu, akafariki dunia alfajiri ya tarehe 18 Novemba 2022, nyumbani, mkewe akiwa amemshika mkono ule wa kushoto. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, ndugu watano, na mafaili kumi na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, majirani waliotupikia na kutulindia nyumba, wateja wa shemeji waliosubiri nguo zao bila kunung'unika, na kwa namna ya pekee walimu wenzake wa idara, ambao tunawaomba mbele ya jeneza hili wasijilaumu, kwani mikono yenye upendo pia hukosea, na sisi wenyewe tuliishi na karatasi zile miaka yote bila kujifunza kuzisoma.

Kuna tangazo moja dogo kabla sijakaa. Jana mjane aliyafungua mafaili yote na kuzitandaza tena karatasi katika chumba cha pili, hajui ipi ikae wapi, na hakuna anayejua, hivyo mtakaofika nyumbani baada ya mazishi tunawaomba mpite pembeni, na anayehisi kwamba ataona kitu apige magoti, mlango hautafungwa.

Kaka, tulikuuliza kwa nini umeacha, na jibu umeondoka nalo. Umechoka tu, basi pumzika kwa amani.