Taisto Lehtovirta (1951–2022), Aliyeandika Kila Kuzimika

Marehemu Taisto alizaliwa mjini Kemi tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa mzee Urho, mpasua mbao, na mama Helvi. Alisoma hapohapo, kisha akahitimu ufundi umeme mjini Oulu mwaka 1973. Walimu walimwona mbishi. Ukweli ni kwamba hakuamini kitu mpaka akikague.

Mwaka 1979 aliajiriwa na kampuni moja ya kusambaza maji ya moto majumbani, na baadaye akakabidhiwa kompyuta ya kuendesha pampu. Aliishuku tangu siku ya kwanza. Ukiiuliza imewaka muda gani, alisema, inahesabu tangu ilipowashwa mara ya mwisho. Ya nyuma imeshayasahau. Basi akaifanya iandike kila dakika kwamba ipo, ili ikikatika ghafla ijulikane saa ngapi. Kila kuwaka na kuzimika alikunakili katika daftari.

Alikuwa amemwoa Raili mwaka 1976, wakajaliwa binti mmoja, Outi.

"Mzee wewe, nami nikisinzia utaniandika?" Raili alimtania.

"Ukisinzia bila kuaga, ndiyo," alijibu, wala hakucheka.

Januari 2004, baridi ikiwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, nyumba zilikosa joto kwa muda wa karibu saa nne. Mkuu wao, Haapalehto, alisema kompyuta haikuzimika hata dakika. Mkosaji, alidai, ni Eeva Niskala, fundi wa pampu, mjane mwenye watoto watatu. Barua ya kumfukuza ilikuwa tayari. Daftari lilionyesha kompyuta ilikatika saa 7:12 mchana, ikawashwa saa 11:05 jioni. Nani aliizima? Tunashuku tu.

Haapalehto alimwalika Taisto sauna, kwenye chumba cha kuogea mvuke.

"Ni mstari mmoja tu, Taisto. Ufute. Nani atajua?"

"Na Eeva atakula nini?"

Eeva akabaki kazini. Taisto akahamishiwa ghala la mabomba, eti kwa ajili ya afya yake, na hakuwa ameumwa hata mafua.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Agosti 2022. Alifariki hospitalini Oulu tarehe 14 Novemba, saa 2:40 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Raili. Siku tatu baadaye kampuni ilipiga simu kuomba daftari, kwa upole mno, eti la kumbukumbu. Upole ule haukutupendeza.

"Kumbukumbu ya nani?" Raili aliuliza, akakata simu.

Ameacha mjane Raili, binti Outi, wajukuu wawili, na Eeva Niskala, aliyestaafu mwaka jana akiwa bado fundi wa pampu, na ambaye leo atashika kamba ya kuteremshia jeneza pamoja nasi. Daftari tumempa yeye. Anayelitaka akamwombe, mchana kweupe, mbele ya watu.

Pumzika kwa amani, Taisto.