Mama Jerome, Aliyeirudishia Miti Mizigo Yake

Baada ya miaka thelathini na minne katika utumishi wa misitu, Bi. Stefania Likwata anastaafu rasmi tarehe 31 Agosti 2025. Humu kazini jina la Stefania huonekana kwenye daftari la mahudhurio tu. Sisi tunamwita Mama Jerome, na watu wa vitongoji vinavyozunguka kilima cha Nambeju, huku bara ya Kilwa, wanamwita Mama wa Juu, kwa kuwa ukimtafuta chini humpati.

Alizaliwa Rutamba, kwenye familia ya wakulima wa korosho, binti wa kwanza baada ya wavulana watupu. Kaka zake walipopanda mikorosho kuipogoa, naye alipanda. Bibi yake alikuwa akipiga kelele pale chini kwamba mtoto wa kike akipanda mti, mti hauzai. Mti ukazaa. Msimu uliofuata bibi alimwita mwenyewe apande, maana alikuwa mwepesi kuliko kaka zake na hakuvunja matawi. Alipomaliza sekondari alikwenda chuo cha misitu, akarudi na cheti, na mwaka 1991 akaajiriwa. Amefanya kazi Liwale, Nachingwea, na kwa muda mrefu zaidi kwenye kitalu cha Lindi mjini, kabla ya kuletwa hapa Nambeju mwaka 2014. Jerome, mwanawe mkubwa, husema yeye alijifunza kutembea kwa kushikilia viriba vya miche.

Tukiandika mazuri matupu tutakuwa tunamdanganya, naye hapendi. Alipopata habari kwamba wasifu huu unaandaliwa, alikuja kitaluni akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Andikeni na ya chemchemi," alisema. "Msipoiandika hiyo, mimi kwenye sherehe siji, na pilau mle wenyewe." Basi tunaiandika.

Kilima chetu hakina mto. Wakati wa kipupwe, mvua ikiwa imeshakata, ukungu hupanda alfajiri kutoka upande wa baharini na kukaa kwenye miti ya juu mpaka jua likolee. Chini ya miti hiyo ndiko iliko chemchemi tunayochota sote. Na juu ya miti hiyo kuna mimea ambayo haijawahi kugusa ardhi tangu ilipoota: makangaga makubwa yaliyokaa kwenye matawi kama vikapu, okidi, na ukoga mnene uliovisha magome kama sweta.

Sasa, huku kwetu kila mtu ana mikorosho, na mwenye mikorosho anajua kwamba kitu kinachoota juu ya mti wako ni mwizi. Kuna mmea hushika tawi la mkorosho, ukaingiza mizizi ndani na kunyonya mpaka tawi likauke. Usipoukata, mavuno umeyaaga. Kwa hiyo mwaka 2016, bei ilipopanda na watu wote wakawa mashambani wanasafisha, wanakijiji walikuja kituoni kuomba waisafishe na miti ya chemchemi. Kwa kweli waliihurumia. Ilionekana imeelemewa. Mama Jerome, mtoto wa korosho, akasema sawa. Wala hakubaki chini kusimamia. Alifunga kanga kiunoni juu ya suruali, akapanda na panga, na vikapu vile vikawa vinaanguka puu, puu, watu wakishangilia. Bi. Moza, ambaye nyumba yake ndiyo ya karibu kabisa na chemchemi, alipika uji wa watu wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Wanasema jioni ile miti ilikuwa kama watoto walionyolewa kwa ajili ya sikukuu.

Mti mmoja tu haukuguswa. Ulikuwa na nyuki.

Kipupwe kilipofika, ukungu ulikuja kama kawaida yake, ukapita. Hapakuwa na cha kuupokea. Mwaka wa kwanza maji ya chemchemi yalipungua, watu wakailaumu mvua. Wa pili, mvua ikalaumiwa tena. Wa tatu, kina mama walikuwa wanafukua mchanga kwa bakuli, wanasubiri, wanateka, wanasubiri tena, na mtoto mgongoni naye analia. Mtu ambaye hajawahi kusubiri maji hivyo asiseme amechoka.

Asubuhi moja ya mwaka huo, Mama Jerome alikuwa akipita pale haraka haraka, akateleza na kukaa chini bila kupenda. Watu wengine wangeinuka wajikung'ute. Yeye alibaki amekaa, akapapasa. Tope. Kipupwe, mvua haijanyesha, halafu tope! Akainua macho akaona yuko chini ya ule mti wa nyuki. Hatua chache tu kando, chini ya mti uliosafishwa, palikuwa na vumbi la kuku kuogea.

Alipanda siku hiyohiyo, na moshi wa makumbi ya nazi wa kuwatuliza nyuki, ambao hawakutulia sana. Alishuka uso umevimba upande mmoja, anacheka. Aliyoyakuta kule ndiyo amekuwa akituhubiria mpaka leo.

Kangaga-kikapu, alituonyesha, linakusanya majani yanayodondoka kutoka juu. Majani yanaoza humo kwenye kikapu, yanakuwa mboji laini, na mboji ile inanyonya maji kama godoro la sponji. Ukiingiza mkono unazama mpaka kwenye kiwiko na unatoka baridi. Ukoga nao unachana ukungu: vile vijinywele vyake vinashika matone madogo yasiyoonekana, yanaungana, yanateremka. Okidi ina vifundo vinene chini ya majani, kama vitunguu, ndimo inamoweka akiba. Mizizi yake inaning'inia hewani imevaa soksi nyeupe. Ikipata unyevu inakunywa papo hapo, na soksi inageuka kijani. Mchana wa jua kali mimea mingi ya huko inafunga vitundu vyake vya kupumulia isipoteze maji, na okidi nyingine hufungua usiku tu. Kuna hata kangaga dogo ambalo likikosa maji linajikunja kama ngumi, kavu kabisa, ungedhani limekufa. Ukungu ukirudi, linakunjuka. Mama Jerome alikuwa anatembea na moja mfukoni. Akikuta mtu amekata tamaa ya jambo lolote, ndoa au mtihani au mshahara, analitoa, analinyunyizia maji, anamwambia, "Kaa hapo uangalie." Lilichukua saa kadhaa, kwa hiyo mtu alilazimika kukaa na kunywa naye chai.

Na maji yote hayo, mimea ile haiyamwagi kwa mkupuo. Inayaachia polepole, tone kwa tone, mchana kutwa, mpaka kwenye udongo, na udongo unaipa chemchemi. Wala haiunyonyi mti. "Yule wa korosho anakula kwenye sahani yako," alituambia. "Huyu amepanga kibarazani tu, anapika kwake."

Kazi ngumu ilikuwa kwenda kuwaambia watu. Aliitisha mkutano, akasimama, akasema mbele ya kijiji kizima kwamba ruhusa aliitoa yeye, panga alishika yeye, na amekosea. Halafu akaomba watu wamsaidie kuirudisha ile mimea juu. Bi. Moza ndiye aliyejibu wa kwanza: "Mama Jerome, juzi umekata, leo unataka kushona. Wewe ni fundi cherehani?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akacheka zaidi yao. "Ndiyo," akajibu, "na kitambaa nilikichana mwenyewe, kwa hiyo sitozi." Aliyekuja kumsaidia wa kwanza kesho yake, akiwa na kamba za ukindu begani, ni Bi. Moza huyohuyo.

Mwanzo tulishindwa vibaya. Sisi ni wakulima, tulijaza vikapu vya kusuka udongo mzuri wa bustani, tukapanda makangaga humo na kuyamwagilia asubuhi na jioni kwa huruma. Yakaoza yote. Udongo ulishika maji ukakataa kupitisha hewa, na mmea wa juu umezoea kunywa na kukauka, kunywa na kukauka. Mama Jerome akaanza upya: makumbi ya nazi kutoka Somanga, majani makavu ya msituni, na makangaga machanga yaliyoanguka na matawi wakati wa upepo. Tunayalea kwanza kitaluni kwenye kivuli, kisha yanapandishwa mtini kwa kamba na kufungwa kwenye panda ya tawi. Ukoga unajirudia wenyewe ukiachwa, ila hauna haraka.

Hapo kitaluni ndipo wengi wetu tulipomjua. Ni mkali. Ukichelewa anakuangalia tu, na ni afadhali angesema. Lakini mfanyakazi mmoja aliporudi kutoka likizo ya uzazi na mtoto wa miezi michache, na mkuu wa kituo akasema kitalu si mahali pa watoto, Mama Jerome alikwenda ofisini kwake bila kuvua buti zenye tope. "Mkuu," alisema, "mche tunaupa kivuli, tunaupa maji, tunaukinga na upepo. Mtoto wa mtu amekosa nini?" Siku ya pili kulikuwa na bembea ya kanga kati ya nguzo mbili, kwenye kona yenye ubaridi, karibu na makangaga. Bembea ile bado ipo, na mkuu wetu mwenyewe, kwa haki yake, siku hizi akipita huisukuma kidogo.

Mwaka huu ndio uliomtia hofu. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Hussen, alitangaza kwamba mkutano wa Julai utaamua kama kilima kifunguliwe kwa mashamba ya korosho. Hakusema kwa ubaya. Watu wana njaa ya ardhi, na hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: "Msitu usiotoa maji tunaulindia nini?" Miti iliyokwisha kufungwa makangaga ilikuwa nusu tu. Mama Jerome alikuwa na wiki chache za kazi. Kilima kikifyekwa, alichokikata kwa mkono wake hakitarudi tena, yeye akiwa nyumbani Rutamba, hana ofisi wala sauti. Kwa mara ya kwanza tulimwona amekaa kitaluni hafanyi kitu.

Alimwomba Mwenyekiti jambo moja: mkutano ufanyike chemchemini, asubuhi, kabla jua halijakolea. Mwenyekiti akakubali, ila viti kila mtu abebe chake.

Walikwenda. Ukungu ulikuwa mzito, watu wamejifunika mashuka. Bwana Hussen akachagua mahali pazuri chini ya mti mkubwa, akaweka kiti, akafungua mkutano kwa dua, akaanza kueleza habari ya mashamba. Tone likaanguka juu ya kofia yake. Akalifuta. Likaja la pili na la tatu. Akasogeza kiti. Huko nako akadondokewa. Bi. Moza akapaza sauti: "Hama tena Mwenyekiti, labda mti unakufuata wewe!"

"Nani yuko huko juu anamwaga maji?" Mwenyekiti akauliza.

"Hakuna mtu, Mwenyekiti," Mama Jerome akamjibu. "Ni ukungu. Umefika, umepokelewa, sasa unateremshwa."

Mwenyekiti akaivua kofia, akaiminya. Maji yakatoka. Hakucheka wala hakukasirika. Aliinuka akaenda chini ya mti ambao haujafungwa bado, akasimama pale kwa muda, akajipapasa kichwa kikavu. Akarudi, akainama kwenye chemchemi, akaangalia maji. Kisha akasema kama kiongozi anavyopaswa kusema. "Yameongezeka, ndiyo. Lakini bado hayatoshi, na siwezi kuwadanganya watu. Tuwape watu wa misitu vipupwe vitatu. Miti yote ifungwe. Maji yasiporudi, tutazungumza tena habari ya mashamba, na asinilaumu mtu." Mikono ikanyooshwa. Ya wanawake ilitangulia. Zaidi ya hapo wakapitisha sheria ndogo kwamba hakuna ruhusa kwa yeyote, hata wa ofisi, kuondoa kitu kinachoota juu ya miti ya chemchemi. Mama Jerome ndiye aliyependekeza hayo maneno "hata wa ofisi".

Kwa hiyo, wenzangu, tusije tukala pilau tukadhani kazi imekwisha. Nusu ya miti iko wazi, na anayejua kuipanda anaondoka. Amewafundisha mabinti watatu wa kijiji kupanda kwa kamba na mkanda, na wanapanda vizuri. Kitaluni tutalea makangaga mengi kuliko mwaka jana. Na mwandishi wa haya, mtoto wake akishaacha kunyonya, atapanda naye, aogope asiogope. Jumamosi ya kwanza baada ya sherehe tunaanza na mti wa pili kutoka njiani. Atakayekuwa na udhuru auseme leo, mbele ya Mama Jerome, kama ataweza.

Zawadi tuliyomwandalia ni godoro jipya. Tulifikiria saa ya ukutani, akasema, "Nimeamshwa na kazi miaka yote hii, halafu mnanipa saa?"

Mama Jerome, asante kwa ukali wako na kwa bembea. Asante kwa kusema "nimekosea" mahali ambapo kila mtu alikusikia, maana hilo ndilo lililotufanya tukuamini ulipotuambia tufunge. Nenda Rutamba salama. Lala mpaka jua likukute kitandani, wajukuu wakuletee chai, na Mungu akujalie afya na miaka mingi ya raha. Ukisikia hamu ya kuja kutukagua, njoo, lakini utakaa chini na sisi ndio tutakaopanda.

Anjelina, kwa niaba ya wote wa kitaluni Nambeju