Fundi Muhanna na Mlango wa Gereji ya Shemeji Yake

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za jikoni, mkae nasi. Leo tunamkumbuka fundi Muhanna bin Rubaya, wa Bidiya, aliyefariki Jumanne ya wiki iliyopita akiwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa fundi wa injini. Alifia kazini. Alifia ndani ya gereji isiyo yake, mlango ukiwa umefungwa. Familia imetuomba habari ya mlango isemwe wazi, nasi tutaisema.

Muhanna alizaliwa hapa hapa, pembeni mwa mchanga. Baba yake alikuwa na mitende, na mitende ilinyweshwa kwa pampu ya dizeli iliyokuwa ikizimika kila ikijisikia. Akiwa na miaka kumi na miwili, Muhanna aliifungua pampu ile yote, akaimwaga vipande vipande juu ya mkeka wa kulia chakula. Baba alimkuta, akamchapa. Alipomaliza kumchapa akakaa chini kumngoja aiunge. Akaiunga. Pampu ile ilifanya kazi miaka tisa.

Baadaye alikwenda Maskati, akafanya kazi kwenye gereji za Ruwi miaka ishirini. Alirudi mama yake alipopofuka. Akajenga gereji yake: paa la bati na nguzo nne. Hakuna ukuta, hakuna mlango. Watu walimcheka kwamba amejenga hema la harusi. Yeye aliwajibu, "Moshi nao unataka pa kwenda." Wasikilizaji, kwa miaka kumi na minane Muhanna hakuwahi kuwasha injini ndani ya chumba.

Alikuwa na namna yake ya kupima kazi. Akishasawazisha injini, anaiacha ingurume bila kukanyaga mafuta, anaweka juu yake kikombe kidogo cha kahawa kilichojaa hadi ukingoni. Kahawa ikimwagika, anaanza upya. Isipomwagika, anainywa, anakukabidhi ufunguo.

Binti yake, Rayya, alituambia hivi: "Baba alikuwa mkali. Siwezi kusema uongo kwa sababu amekufa. Mtu akimficha ugonjwa wa gari lake, anamrudisha nyumbani na gari lake. Alisema afadhali mtu mjinga kuliko mtu anayeficha."

Sasa tumfikie Shihab. Shihab bin Thani ni ndugu wa Zuwena, mke wa Muhanna. Kwa maneno mengine, ni shemeji yake marehemu. Ana gari jeupe la kupandia milima ya mchanga, na fundi wa mji mwingine alikuwa amelifungia turbo kubwa na nozeli kubwa za mafuta. Tangu siku hiyo gari halikutulia. Likisimama linatetemeka kama mtu mwenye homa. Linatoa moshi mweusi. Ukisimama nyuma yake, petroli inakuchoma macho.

Ijumaa moja alasiri, wiki mbili na siku kadhaa zilizopita, Shihab alilipandisha mlima mbele ya watu wote. Lilifika katikati, likakohoa, likazimika, likateleza kinyumenyume hadi chini. Muhanna alikuwa amesimama na wazee wenzake. Alisema taratibu, "Linakunywa mafuta, halivuti hewa."

Shihab alisikia. Akateremka garini.

"Nyamazeni, daktari wa pampu za visima anasema," aliwaambia watu. "Shemeji, hili lina kompyuta. Halipigwi nyundo."

Watu walicheka. Wengine walikuwa wateja wake Muhanna. Naye alijifuta mchanga mikononi, akaondoka kwa miguu, ingawa alikuwa amekuja kwa gari. Rayya ndiye aliyekwenda kulichukua jioni.

Siku nane baadaye Shihab alikwenda kwa dada yake. Hakwenda kwa Muhanna, alikwenda kwa dada yake. Mashindano makubwa ya kupanda mlima yalikuwa Ijumaa inayofuata, na fundi wa mji mwingine alikuwa hapokei simu. Zuwena akamwomba mumewe. Haya ni maneno yake mwenyewe: "Nilimwambia, ni ndugu yangu, nifanyie mimi. Hakutaka. Nilimsihi siku mbili. Nataka watu wajue kuwa nilimsihi."

Jumanne asubuhi Muhanna alikwenda. Alitaka gari lije chini ya bati lake. Shihab akakataa. Gari halitoki kwenye gereji ya shambani kwake, na mlango haufunguliwi, wapinzani wasije wakasikia injini wakajua hali yake.

"Basi nifungulie nusu," Muhanna alisema.

"Shemeji, umeanza kuogopa moshi uzeeni? Nikuletee barakoa ya hospitali?"

"Nieleze basi kilichobadilishwa. Bomba la moshi ni lile lile?"

"Kila kitu kipya."

Akamuuliza mara ya pili. Akajibiwa vile vile. Kila kitu kipya. Tunayajua maneno haya kwa sababu saa sita na robo mchana Muhanna alimpigia simu mkewe, akamsimulia yote.

Alikwishatoa plagi, akazikuta nyeusi kwa masizi. Alikwishapima mafuta, na nozeli, na waya. Saa tatu nzima alikuwa akitafuta, akiwasha na kuzima, akiwasha na kuzima.

"Nimeupata," alimwambia Zuwena. "Ni ufa. Bomba la moshi limepasuka karibu na ile sensa inayonusa moshi. Hewa ya nje inaingia ufani, sensa inadhani injini ina njaa, kompyuta inazidi kuimwagia mafuta. Basi. Ni hilo tu."

"Alhamdulillahi. Njoo ule."

"Ufa wenyewe si mpya, Zuwena. Umezibwa kwa gundi ya chuma, ukapakwa rangi ya fedha. Alijua."

Zuwena akamuuliza mbona sauti yake nzito. Akasema kichwa kinamgonga, na miguu imechoka kidogo, lakini mlango ameuinua mwenyewe kiasi cha shubiri. Atawasha mara moja ya mwisho ahakikishe, halafu atarudi nyumbani. "Nibakizie wali," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwake.

Wasikilizaji, injini inayokunywa mafuta kupita hewa hutoa sumu nyingi, na sumu hiyo haina harufu. Ufa uleule uliokuwa ukiingiza hewa ulikuwa pia ukitoa moshi, pale pale usoni pake.

Rayya alimkuta saa tisa. Injini ilikuwa ingali ikitetemeka. Mlango ulikuwa umefungwa hadi chini. Si shubiri. Hadi chini. Baba yake alikuwa ameanguka kando ya gurudumu la mbele, chaki mkononi, na kwenye bomba palikuwa na duara jeupe kuuzunguka ufa.

Nani aliushusha mlango? Shihab alisema mwenyewe, msibani, mbele ya watu, akiwa na kikombe cha kahawa mkononi: "Nilipita saa sita na nusu nikakuta ameuacha wazi. Nikaushusha, nikaenda kula. Sasa mimi ningejuaje? Fundi si yeye?"

Iliandikwa kuwa ni ajali. Muhanna alizikwa siku hiyo hiyo kabla ya magharibi.

Ijumaa, siku ya tatu baada ya mazishi, mashindano yalifanyika. Shihab alipata fundi mwingine, naye hakuhitaji kutafuta kitu, alichomelea palipozungushiwa chaki. Nyumba ya marehemu haiko mbali na mlima. Wanawake walikuwa wamekaa na mjane, wakisoma, gari lilipowashwa kule chini. Wote walilitambua. Mmoja akainuka kufunga dirisha. Zuwena akamzuia kwa mkono. Alisikiliza jinsi lilivyosimama likinguruma, sauti moja, bila kukohoa, bila kutetemeka. Likapanda hadi juu. Watu wakapiga honi.

"Limetulia," Zuwena alisema. Hajaongea na ndugu yake tangu hapo.

Tunatoa pole kwa Bibi Zuwena, aliye katika eda. Tunatoa pole kwa Rayya. Mwenyezi Mungu amrehemu Muhanna bin Rubaya. Familia imetuomba tusimtaje Shihab katika salamu hizi, na hatumtaji.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini hili. Mtu akija kukusaidia, akakuuliza kitu mara mbili, usimdanganye mara mbili. Na kama kuna anayetusikiliza sasa hivi akiwa ndani ya gereji, injini inawaka na mlango umefungwa, asingoje kipindi kiishe. Azime, atoke nje.