Ubongo wa Pili

Nje ya ukuta wa ofisi ya maji kuna benchi lenye miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali. Mwenye benchi ni Gundi, mshona viatu, ambaye huuza na kahawa, na wateja wake hawajui kipi kinamlipa maana vyote hunukia ngozi. Asubuhi hiyo Upepo, tarishi wa ofisi, alikuja bila bahasha mkononi, akakaa, akaiacha kahawa ipoe. Ofisini kulikuwa kumeundwa kamati, na kamati ikishaundwa lazima imle mtu.

— Naitwa saa sita, Upepo alisema. Watu saba wanatafuta kitu kinachoenea kiganjani.

— Kitu gani? Gundi aliuliza.

— Unaijua seva? Ile mashine ya bili. Sanduku bapa la chuma, limesukumwa kwenye fremu kama droo. Jana feni ilipiga kelele, akaitwa fundi. Akaichomoa feni mashine ikiwa kazini, akachomeka nyingine, wala mashine haikukohoa. Halafu akasema aizime, afunue, apulize vumbi. Kufunua, viti vya prosesa viwili, prosesa moja.

— Prosesa ndiyo nini?

— Ubongo wake. Kiti cha pili kina kifuniko cha plastiki tu. Meneja akanitazama mimi. Ufunguo wa chumba si ninao?

Bohari, mtunza stoo mstaafu wa ofisi hiyohiyo, alishusha kikombe taratibu.

— Lisemwalo lipo, kama halipo limeibiwa.

— Lakini mashine ilikuwa inafanya kazi, mzee.

— Kwa kuchechemea, Gundi alidakia. Ndiyo maana nilitozwa maji ya bafu ambalo sijalijenga.

— Ubongo ule umeuzwa, Bohari alisema. Mnamkumbuka yule mgeni aliyekuja na tai nene? Tai gani ile ya kuning'inia kama waya?

— Mimi nasema uko ndani ya simu ya meneja, Gundi alisema. Anajuaje aliyechelewa kabla hajafika?

— Tena ubongo haufi ukichomolewa, Bohari aliongeza. Upo mahali, unaendelea kufikiri.

— Unafikiri nini? Upepo aliuliza.

— Bili zetu.

Wote wakautazama ukuta, na Gundi akapunguza sauti ya nyundo.

— Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame, Bohari aliendelea. Na anayeinama mle kufuta vumbi ni nani?

— Mzee, umenijua tangu sina ndevu.

— Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Sikushuku. Nakuonya.

Upepo aliupapasa ufunguo mfukoni. Tarishi akifukuzwa kwa wizi, nani atampa tena bahasha iliyofungwa?

Mwisho wa benchi alikaa mama mmoja mgeni, mguu mmoja una kiatu, mwingine juu ya gazeti, akisubiri Gundi amalize kisigino.

— Samahanini, alisema. Huo ubongo wa pili, nani kati yenu aliwahi kuuona?

Nyundo ikanyamaza kabisa.

— Si kuna viti viwili, mama? Gundi alijitutumua.

— Kwangu kuna viti sita. Tunaishi wawili.

Upepo alitazama kikombe chake, akatazama ukuta, kisha polepole akamgeukia Bohari.

— Mzee, mashine ilipoletwa, aliyeipokea si wewe?

— Niliipokea.

— Ukaifunua?

Bohari alikohoa, akavuta kola ya shati.

— Utaratibu ulikuwa kuhesabu makasha.

— Yalikuwa mangapi?

— Kasha lilikuwa moja. Likatimia.

Upepo akasimama, akakung'uta suruali.

— Penye wazee haliharibiki neno. Twende, mzee, ukawaeleze kamati hivyohivyo: lilihesabiwa kasha, si ubongo.

— Nakuja, Bohari alisema, akimnyooshea Gundi kikombe. Niongeze kahawa kwanza.

Gundi aliliinamisha birika mpaka mfuniko ukaanguka. Likatoka tone moja.