Pipa Jipya la Soda

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya soko hapa Rumonge, mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliweka viganja vyake juu ya meza yangu ya sabuni. Ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu kama mawese.

"Ni sabuni yako, muzee. Nimefua nguo tatu tu."

Ndugu zangu, nilimjibu vibaya. "Pengine umeshika kitu kingine, mama. Sabuni yangu iko na miaka tisa sokoni."

"Miaka tisa!" akadakia jirani yake. "Basi imeota meno!"

Watu wakacheka. Yule mama alichukua kipande akaenda nacho kwa mkemia wetu, huyu tuliyekutana leo kumkumbuka, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kumwona mama yake.

Wengi mlimjua akiwa mtu mkubwa. Mimi nilimjua darasani, shule ya msingi. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, na baba yake alikamua mawese ya watu kule Kigwena. Tulimwita "wa ng'ambo", na sauti yangu ilizidi za wengine. Niliishia darasa la sita. Mengine nimejisomea mwenyewe. Yeye aliendelea hadi akawa mtafiti katika maabara ya Bujumbura, akichunguza kwa nini mawese huchacha na namna ya kuyazuia yasiharibike.

Siku hiyo ya soko alifika kwangu kabla ya saa sita. Akakata sabuni, akadondosha tone la dawa isiyo na rangi. Tone likawa la waridi, kali.

"Soda kali ya sabuni imezidi sana," akasema. "Unaipima vipi, ndugu yangu?"

"Kopo saba kwa debe la mafuta."

"Tangu lini saba?"

Nikampa daftari langu kwa majivuno, maana naandika kila mpiko. Akafuata tarehe kwa kidole. Miezi ya kwanza, kopo tano. Kisha sita. Kisha saba. Kumbe pipa langu la soda lilikaa wazi karibu na ziwa, soda ikanywa unyevu wa hewa na kupoteza nguvu, nami nikawa naongeza kopo bila kujua sababu. Juma lile nilikuwa nimefungua pipa jipya, kavu, na bado nikatia saba.

"Umeandika kila kitu isipokuwa pipa," akasema. "Umeuza vipande vingapi?"

"Mia mbili kumi na vinne, kimoja faranga elfu mbili. Nusu hapa, nusu Magara."

"Jioni watu wataogesha watoto."

Nikamsihi. "Dada, tuvikusanye taratibu. Nitasema nabadilisha rangi tu."

"Ukisema rangi, anayependa rangi ya zamani atabaki nayo."

Nawaambieni, hapo ndipo nilipogeuka, na sikugeuka kwa hiari. Niliazima kipaza sauti cha muuza nguo, nikasema katikati ya soko: "Sabuni yangu inaunguza. Nimekosea mimi. Irudisheni, nawapa pesa zenu."

"Leo muzee wa daftari amefeli hesabu!" mtu akapaza sauti. Lakini sabuni zikarudi.

Tukaenda Magara kwa pikipiki, mlango kwa mlango. Saa kumi na moja jioni tulikuwa na vipande mia mbili kumi na vitatu. Cha mwisho, watu wa Magara wakatuambia, kilinunuliwa na familia yenye mama aliyejifungua siku tatu zilizopita, nyuma ya vichanja vya samaki.

Tulikimbia. Beseni lilikuwa limeshawekwa uani, mtoto yuko uchi juu ya mapaja ya bibi yake, na sabuni imelowa mkononi mwa bibi. Mkemia akamshika kifundo cha mkono bila hata hodi.

"We! Mutoto wa nani wewe, unaingia kwa watu hivi?"

"Wa ng'ambo, mama. Unisamehe. Hiyo sabuni inaunguza."

Bibi akaiachia. Ikaanguka mchangani. Tukamimina maji yale, tukamnawisha bibi mikono mara tatu, na mtoto akalala bila alama hata moja.

Njiani kurudi nilimwomba mkemia msamaha wa mambo mawili. La pili, la kule darasani, hakuniuliza ni lipi.

Baada ya hapo, kila alipokuja kumwona mama yake, alipita kwangu kunifundisha: kupima kwa mizani, kufunga pipa, kujaribu kila mpiko kabla ya kuuza. Namshukuru mama yake, aliyepo hapa, aliyemlea kwa jasho. Nawashukuru akina mama wa Magara walionifungulia milango, na yule wa ndagala, ambaye viganja vyake vilipona. Asanteni sana, murakoze cane.

Wenzangu wapika sabuni, kosa lako litangaze wewe, mapema, kwa jina lake halisi.

Mtu akiniuliza siku ile ilinigharimu kiasi gani, namjibu bila kufungua daftari: faranga laki nne na elfu ishirini na nane.