Chupa Iliyobaki Dirishani

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, mimi ni dada yake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na nimepewa kusoma historia hii kwa sababu wenzangu nyumbani wameamua kwamba mimi ndiye mwenye roho ngumu, jambo ambalo mpaka Ijumaa mchana hata mimi nilikuwa naliamini. Nikikwama mahali mnivumilie, maana kusema kweli bado hatujaelewa lililotupata, na jana wakati naandika maneno haya nilinyanyua simu nimpigie yeye mwenyewe, nimuulize mwaka aliomaliza chuo.

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu hamumjui kwa jina lingine zaidi ya Fundi Chupa, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto yule alichelewa kutembea kwa sababu kila akisimama alitaka kwanza kuona anakanyaga nini. Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, kisha akaingia chuo cha ufundi, akahitimu ufundi wa injini za dizeli mwaka 1981, walimu wakimsifu kwa umakini na kumlalamikia kwa uchelewaji, na yote mawili yalikuwa kweli, kwani kaka yangu hata kamba za viatu alikuwa anazikagua baada ya kuzifunga.

Mwaka 1982 aliajiriwa katika karakana ya boti pale gatini, na miaka miwili baadaye likatokea jambo lililompa jina. Mapipa ya dizeli siku hizo yalisimamishwa wima uani, mvua ikinyesha maji yanatuama juu ya pipa, na kila mtu alijua kwamba kifuniko kikishakazwa kimekazwa, hakuna cha kuingia, kumbe pipa likipata joto mchana na kupoa usiku linavuta pumzi, na pumzi hiyo inanyonya maji kupitia kwenye kifuniko kilekile kilichokazwa. Kaka alijaza boti ya abiria kutoka kwenye pipa kama hilo, injini ikawaka vizuri, boti ikaondoka, ikafika kwenye mawimbi makubwa injini ikakohoa na kuzima, mawimbi yakaigeuza ubavu, watu wakalia na kushikana, mpaka boti nyingine ilipofika kuivuta. Hakufa mtu, lakini kaka alirudi nyumbani hakula, akakaa jikoni na chupa ya mafuta aliyoyatoa kwenye tangi la boti ile, akaitazama mpaka maji yakajitenga na kulala chini, na sisi tukimwangalia kutoka mlangoni.

Tangu hapo mapipa aliyalaza chini, na hakuna boti iliyotoka mikononi mwake kabla hajafungua koki ya chini ya tangi, akakinga mafuta kwenye chupa nyeupe, akaiweka penye mwanga, akakaa kusubiri. Manahodha walimtania kwamba abiria wa boti ya Chupa waje na tiketi na godoro, wenye boti walimnunia, na yeye alikuwa anacheka tu na kuendelea kukaa, kwa sababu alikuwa mkaidi, tusidanganyane, marehemu alikuwa mkaidi kupita kiasi.

Ukaidi huohuo ndio uliompa mke. Mwaka 1989 aliitwa kutengeneza mashine ya kusaga ya baba yake wifi yangu, akaomba chupa safi, binti wa nyumba akampa chupa ya jamu, akaondoka nayo. Binti akaifuata karakanani, akaambiwa mafuta bado hayajatulia, aje kesho, na kesho akaja, na kesho kutwa pia, mpaka wazee wakaelewa kwamba linalosubiriwa si mafuta. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba mwaka huohuo, na chupa hiyo mpaka leo haijarudi kwao. Wifi alimtengea rafu ya chupa zake za mafuta jikoni na kuipaka rangi nyekundu, baada ya shemeji mmoja, ambaye amekaa safu ya pili na anajijua, kumimina dizeli kikaangoni akitaka kukaanga mayai. Mungu aliwajalia binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1992, na mwaka jana binti huyo akampatia mjukuu, ambaye babu alikuwa anamwinua kwenye mwanga kama anavyoinua chupa zake, akimkagua na kutangaza kwamba huyu hana maji.

Kwa kawaida hapa husomwa habari za kuugua. Hakuugua. Alhamisi alibeba betri ya boti mwenyewe, akanikuta njiani akanicheka viatu vyangu vipya, akasema ni virefu mpaka vinanitangulia kufika, nikamjibu nisivyotaka kurudia mbele ya watu, tukaachana tunacheka. Hiyo ndiyo afya yake tuliyoijua, kwa hiyo tumepigwa na butwaa kama nyinyi.

Ijumaa, tarehe 14 Machi, kulikuwa na boti iliyokaa wiki kadhaa ikipakwa rangi, tangi likiwa nusu, na tangi likiachwa nusu linatoa jasho kwa ndani. Nahodha alikuwa ameweka chujio jipya, injini ilinguruma vizuri gatini, abiria wamekaa, na miongoni mwao alikuwa binti wa marehemu na mtoto wake mapajani. Kaka alikinga mafuta, akaona yana ukungu kama moshi, akamwambia nahodha, "Msiondoke mpaka niseme," akapanda kwenye karakana, akaiweka chupa dirishani, akakaa kwenye benchi lake kusubiri itulie.

Nahodha, ambaye yuko hapa na ameniruhusu kusema, alisubiri, abiria wakaanza kupiga makelele, uvumilivu ukamwishia, akapanda kumwambia kwamba wanaondoka, atake asitake. Alimkuta amekaa, kidevu kifuani, mikono magotini, akadhani amesinzia, akamgusa bega. Kaka yangu alikuwa ameshatutoka. Nahodha anasema aligeuka atafute wa kumwita, macho yake yakatua dirishani, akaona mafuta juu yametakata, katikati utando mweusi wenye ute, ule uchafu unaoota mafuta yakikaa na maji, na chini maji, ya kina cha kidole kizima. Alishuka akazima injini, akawaomba watu wote washuke.

Tangi lilipofunguliwa yalitoka maji lita kadhaa, yaliyokuwa yametulia kwenye kona isiyofikiwa na koki, chini ya mdomo wa bomba la injini, yakisubiri wimbi la kwanza la kuyatikisa, na mchana ule bahari ilichafuka vibaya. Wakati boti imesimama, binti alinitumia ujumbe, na ameniomba niusome kwa sababu yeye hawezi: "Shangazi, baba na chupa zake ametukalisha tena, joto linatuua." Tangu Ijumaa anajilaumu kwamba alimnung'unikia baba yake akiwa anakata roho. Mwanangu, nisikilize mbele ya watu hawa wote. Ulinung'unika ukiwa umekaa gatini na mwanao mapajani, mzima, na baba yako miaka yote hiyo alikuwa anakubali kunung'unikiwa ili watu wawe wazima.

Tunamshukuru daktari aliyempokea na kutueleza kwa upole kwamba moyo ulisimama ghafla na hakuteseka, tunawashukuru majirani waliopika na kulala nasi sakafuni, mafundi wenzake waliofunga karakana kwa heshima yake, na nahodha, ambaye angeweza kuondoka bila kupanda karakanani, lakini alipanda, akaiona chupa na kuiamini. Chupa bado iko dirishani, wifi hajaruhusu mtu aiguse, na msimharakishe.

Kaka, tumeiona chupa yako. Boti haikuondoka, mwanao na mjukuu wako walishuka salama, huna tena unachosubiri, pumzika kwa amani.